Babu Aliyeondolewa Kwenye Picha

Filamu ya Clash of the Titans ya mwaka 2010, inayosimulia kisa cha Perseus, shujaa wa Wagiriki wa kale, niliitazama kwa mara ya kwanza katika kibanda cha video cha Majengo, hapa Dodoma, nikiwa nimebanwa kwenye benchi la mbao pamoja na wanafunzi wenzangu wa sekondari, huku sauti ya mtafsiri ikiwa imewafunika kabisa Sam Worthington na Liam Neeson. Ndivyo tulivyozoea kutazama picha za kigeni wakati huo. Mtafsiri alitueleza nani ni steringi na nani ni adui, na lile dude la baharini lilipojitokeza mwishoni, kibanda kizima kilisimama.

Likizo ilipofika nilikwenda kijijini kwetu wilayani Bahi, na jioni moja nikamsimulia babu mzaa mama picha yote tangu mwanzo. Alinisikiliza akiwa ameketi kwenye kigoda chake mbele ya tembe, wala hakunikatiza hata nilipofika kwa farasi mwenye mabawa. Nilipomaliza aliniuliza swali moja: "Mwenzangu, huyo kijana babu yake yuko wapi? Mtoto anatupwa majini pamoja na mama yake, na kwao mama hakuna aliyeuliza?"

Sikuwa na jibu. Nililipata miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa chuoni, nikisoma masimulizi ya kale ambayo yamehifadhiwa katika kitabu kinachohusishwa na jina la Apollodorus. Humo babu yupo, na kisa chote kinaanzia kwake. Acrisius, mfalme wa Argos, alikwenda kwa waaguzi kuulizia kama angepata mtoto wa kiume, akaambiwa kwamba mtoto atakayezaliwa na binti yake ndiye atakayemuua. Kwa hofu hiyo alimfungia binti yake, Danae, katika chumba cha shaba chini ya ardhi. Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, akamwingilia humo kwa umbo la mvua ya dhahabu, naye akamzaa Perseus. Babu hakuthubutu kuwaua kwa mkono wake. Aliwatia mama na mtoto ndani ya sanduku, akalisukumia baharini, nalo likatupwa na mawimbi hadi kisiwa cha Seriphos.

Sehemu inayofuata kila mpenzi wa picha hizi anaifahamu: safari ya kukitafuta kichwa cha Medusa, lile zimwi la kike lenye nywele za nyoka, ngao iliyong'arishwa mpaka ikawa kioo, na binti aliyefungwa mwambani akisubiri kuliwa na dude la baharini. Lakini masimulizi ya kale hayaishii kwenye harusi. Perseus aliporudi Argos, Acrisius alikuwa amekwisha kukimbilia mji wa Larissa kwa kuogopa utabiri. Huko Larissa mfalme alikuwa ameandaa michezo ya kumkumbuka baba yake aliyefariki, na Perseus akaenda kushindana. Akarusha kisahani, kikampiga mguuni mzee mmoja, naye akafa papo hapo. Mzee huyo alikuwa babu yake.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Yeyote aliyewahi kusimama kando ya uwanja wakati wa UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari Tanzania, anajua jinsi kisahani kinavyoweza kuteleza mkononi mwa mrushaji na kwenda kusikotarajiwa, na jinsi mwalimu wa michezo anavyowafokea watoto warudi nyuma. Mauaji yaliyoogopwa kwa miaka mingi, yaliyosababisha binti kufungiwa na mjukuu kutupwa baharini, yalitokea mchezoni, bila chuki na bila upanga.

Baada ya hapo nilizitazama upya filamu hizi, nikiwa na jambo moja tu la kutafuta, nalo ni kifo cha babu. Katika Clash of the Titans ya mwaka 1981, Acrisius anauawa na Zeus mwanzoni kabisa, na Argos inaangamizwa, kwa hiyo Perseus anakua bila deni lolote kwa mzee huyo. Katika ile ya 2010, Danae si binti wa Acrisius bali ni mke wake. Ukoo umekatwa hapo hapo. Acrisius anapigwa na radi ya Zeus, anageuka kuwa zimwi liitwalo Calibos, na hatimaye Perseus anamuua kwa makusudi katika mapigano. Mkono ni ule ule na marehemu ni yule yule, ila hawana tena undugu. Swali la babu yangu lilikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Jambo hili halikutokea kwa Perseus peke yake. Katika masimulizi ya kale Hercules aliwaua watoto wake mwenyewe akiwa ametiwa wazimu na Hera, mke wa Zeus, lakini filamu ya mwaka 2014 aliyoigiza Dwayne Johnson inamtwisha mzigo huo mfalme Eurystheus, aliyemnywesha dawa na kutuma mbwa mwitu waiue familia yake. Naelewa sababu. Picha ya mapigano inahitaji adui mwenye sura, ili watazamaji wapate mahali pa kuelekeza hasira yao, na steringi akipakwa damu ya ndugu zake kibanda hakitasimama kumshangilia. Hata hivyo naamini wanakosea, kwa kuwa damu hiyo ndiyo iliyowafanya Wagiriki wa kale wasimuliane visa hivi kizazi baada ya kizazi.

Siandiki haya kwa kuzichukia filamu hizi. Nazipenda mno, hasa za zamani. Katika Jason and the Argonauts ya mwaka 1963, Ray Harryhausen alivipiganisha na watu viunzi saba vya mifupa kwa kuvisogeza kidogo kidogo kwa mkono na kupiga picha moja baada ya nyingine, kazi iliyomchukua zaidi ya miezi minne kwa ajili ya dakika chache za kutazama. Medusa wake wa 1981, anayejikokota gizani kwa mikono huku mkia ukichakarika, bado hunisisimua ngozi kuliko yule wa 2010 aliyechorwa kwa kompyuta.

Naongeza jambo moja, kwa sababu linatugusa. Katika masimulizi ya kale Andromeda, yule binti wa mwambani, ni mtoto wa Cepheus na Cassiopeia wa Ethiopia, na mshairi Mrumi Ovid alimtaja kuwa mweusi kwa rangi ya nchi yake. Filamu ya 2010 ilimhamishia Argos. Pale kibandani hakuna aliyejua kwamba binti tuliyekuwa tukimwonea huruma alihesabiwa na wasimulizi wa kale kuwa mtu wa upande wetu wa dunia.

Mwaka jana nilirudi Bahi na kumsimulia babu kisa kizima, safari hii hadi kwenye kisahani. Hakucheka wala hakushangaa. Aliuliza, "Alimzika?" Nikamjibu kwamba alimzika, nje ya mji. "Na kiti cha ufalme?" Nikamweleza kwamba Perseus aliona aibu kurithi kiti cha mtu aliyemuua, akamwendea ndugu yake Megapenthes, mfalme wa Tiryns, wakabadilishana falme. Babu alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia nianze tena tangu kwenye chumba cha shaba, nami niseme polepole, kwa sababu bibi alikuwa amekuja kuketi.