Kioo cha Maji

Alfajiri ya tarehe 31 Januari 2019, saa kumi na nusu, upepo umelala Kisauni na sisi tumeacha madirisha wazi kwa joto, simu ya Baba ikalia. Alikuwa dada yangu, yuko Chicago, ambako siku hiyo baridi ilifika nyuzi 30 chini ya sifuri. Hata shikamoo hakutoa. "Baba, sikiza." Akasogeza simu ukutani. Ngo! Ngo! Ngo! Kama mtu anagonga reli kwa nyundo.

Nyumba yao ni ya zamani, hupashwa joto kwa mvuke: boila ya kuchemshia maji chini ya nyumba, mabomba, na rejeta za chuma za kutoa joto vyumbani. Baba hajawahi kukanyaga nyumba ya namna hiyo. Lakini ujanani alichochea moto kwenye zile Garratt za daraja la 59, gari moshi zilizopewa majina ya milima, Mombasa hadi Nairobi. Tangu reli iache mvuke, hakuna aliyemuuliza lolote. Kwetu sisi stima ni umeme. Kwa Baba, stima ilibaki stima.

Akaketi kitandani, shuka kiunoni. "Rejeta ina mabomba mangapi?"

"Moja."

"Na koki umeifungua yote?"

Nusu, maana wiki iliyopita chumba kilizidi joto. Baba akaguna. Bomba moja ndilo mvuke unapandia na maji yanarudia. Koki ikiwa nusu, maji hukwama, mvuke ukayapiga. Ama ifunguliwe yote ama ifungwe kabisa. Kisha akataka gololi ya mjukuu iwekwe sakafuni kando ya rejeta. Ikabingirika, ikaenda mbali na koki. "Waona? Na maji yaenda huko huko, hayarudi." Dawa yake vipande vya mbao chini ya miguu ya upande ule.

Mimi nikajua yamekwisha. Baba, kwa mazoea tu, akauliza kioo cha boila kinaonyesha maji wapi. Dada akashuka na simu.

"Sioni maji. Lakini moto unawaka. Ngoja nifungue mfereji niyatie."

"Usitie! Zima moto! Mfereji usiuguse!"

Jirani akawasha taa. Sijapata kumsikia mzee yule akipiga kelele vile. Chuma kikishashika moto kikavu, alinieleza baadaye, maji baridi hukipasua. Dada akazima, kisha akaanza kulia, mtoto yuko ndani na baridi ndiyo ile. Baba hakulegea: "Mvishe makoti. Msubiri chuma kipoe kabisa." Nikamwambia ni mkatili. Hakunijibu. Akaenda kuswali, akarudi, akakaa simu mkononi, macho kwenye saa ya ukutani.

Jua limeshapanda, dada akatia maji polepole hadi theluthi mbili za kioo, akawasha. Baadaye kwenye tundu la hewa la rejeta ikasikika ssss. Baba akazima spika, akaibana simu sikioni, akasikiliza peke yake.

Fundi aliyeitwa huko alikuta kile kifaa cha kuzima moto maji yakipungua kimejaa tope. Tangu hapo dada hukisafisha kila Jumapili, akimwaga maji yake kwenye ndoo, na video humtumia Baba. Ya kwanza yalitoka meusi.

"Mwaga tena," Baba akasema. "Hiyo bado kahawa."