Nilivyopata alama za vinasaba za pilipili kichaa ya Newala

Newala, mkoani Mtwara, ua usio na mche wa pilipili kichaa ni wa kutafuta. Mara nyingi umeota pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, maana huku uwandani maji hayachezewi. Mbegu hainunuliwi: ndege hasikii ukali, anakula na kudondosha, jirani naye anaomba, anasia. Nilitaka kujua mipilipili hiyo inatofautiana kiasi gani kivinasaba, ila kipimo sikuwa nacho, yaani alama za vinasaba: sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya mche na mche.

Pesa ya kusoma jenomu ya kichaa, yaani herufi zote za DNA yake, haikuwepo. Ya spishi ya hoho, ndugu yake wa karibu mwenye kromosomu 24 vilevile, ilichapishwa mwaka 2014, herufi zaidi ya bilioni 3, na kuipakua ni bure ukiwa na bando. Nikaichambua kwa programu, nikisaka sehemu ambazo herufi zinajirudia, GAGAGAGA hivi. Idadi ya marudio hayo hubadilika kirahisi kati ya mche na mche, lakini herufi za pande zake mbili hutulia, na hapo ndipo praima, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili, hushika. Nikabuni praima kwa kufuata hoho, nikazijaribu kwenye kichaa. Nyingi zilikubali.

Kazi ilikuwa majani. Lililokomaa lina uchafu unaoikwamisha PCR, njia ya kunakili DNA, kwa hiyo nilichuma ya kileleni tu, madogo kama kucha.

“Shikamoo bibi. Naomba majani mawili ya pilipili.”

“Marahaba mjukuu wangu. Majani? Pilipili zenyewe huzitaki?”

Nilibeba na pilipili. Kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Majani yaliingia kwenye mfuko wa silika ya kukaushia, na chembe zake zikiacha ubuluu na kuwa pinki nazibadilisha siku hiyohiyo, kwani jani likivunda, DNA hukatikakatika. Masika zinageuka upesi, inakera.

Maabara nilitumia CTAB, njia ya zamani isiyo ghali ya kutoa DNA kwenye jani. Jeli ya agarosi, ya kupanga vipande vya DNA kwa urefu vionekane kama mistari, haikuweza kutenganisha vipande vinavyopishana herufi mbili, nikahamia jeli ya poliakrilamidi. Praima iliyotoa mstari wa urefu mmoja kwa miche yote niliitupa, hata kama mstari ulikuwa safi wa kupendeza, kwani haikutofautisha mche na mche. Miche mingi, kila mmoja peke yake, ilitoa mstari mmoja badala ya miwili kwa kila praima, kama inavyotarajiwa kwa mmea unaojichavusha wenyewe. Kati ya sampuli nilichanganya na ya pilipili mbuzi kwa makusudi, bila kuweka jina kwenye kichupa. Mistari yake ikajitenga na ya kichaa. Seti hiyo ya praima ndiyo ninayoipeleka sasa Nachingwea na Ruangwa.