Wekundu wa Shira
Jana nilikesha nikiitazama nyota Shira, yaani Sirius, ikichomoza, na kwa dakika kadhaa ilimetameta ndani ya darubini yangu kwa rangi nyekundu, kijani na buluu, kama kipande cha kioo kinachotikiswa mbele ya taa. Ndipo nikakumbuka kitendawili cha zamani: mnamo mwaka 150 hivi mwanafalaki Ptolemaio aliitaja kuwa nyekundu, ilhali leo ni nyeupe.

Wapo waliodai kwamba nyota mwenza wake, Shira B, iliyoonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1862, ilikuwa bado jitu jekundu, yaani nyota kuukuu iliyovimba na kuwa nyekundu, enzi hizo. Nakiri niliwahi kulipenda wazo hilo, lakini halisimami, kwa kuwa Shira B ni kibete cheupe, yaani kiini kidogo cha nyota iliyokwisha kufa, ambacho kimekuwa kikipoa kwa zaidi ya miaka milioni 100, na mwanahistoria Sima Qian wa China, aliyeandika zaidi ya miaka 200 kabla ya Ptolemaio, aliihesabu Shira kuwa nyeupe. Mimi nailaumu hewa: watu wa kale waliingojea Shira alfajiri ikiwa chini kabisa kwenye upeo wa macho, mahali ambapo nuru yake hupenya tabaka nene la angahewa, buluu ikatawanyika na wekundu ukabaki.