Kete saba na bibi wa chini

Kanuni yangu, ile ala ya taarabu inayolazwa na kupigwa kwa vidole, ina nyuzi 78. Zimekaa tatu tatu, kila tatu zinatoa sauti moja, na zote hukazwa kwa ufunguo, uzi mmoja mmoja. Masika yakiingia, ngozi iliyo chini ya daraja la nyuzi inanyonya unyevu, inalegea, na ulichokikaza jana leo kimeshuka. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nakaa na kanuni saa nzima kila jioni nikiamini nafanya mazoezi. Kumbe dakika arubaini nakaza nyuzi, na ishirini zilizobaki najiburudisha kwa kile ninachokijua.

Nilichokijua ni mwanzo wa bashrafu moja, muziki wa ala tupu usioimbwa. Nikiupiga kwa mbwembwe zote, mpaka pale inapotoka rasti kuingia nahawandi, yaani kutoka mpangilio mmoja wa sauti kwenda mwengine. Hapo sauti ya tatu inashuka kidogo: mkono wa kushoto uache nyuzi, ulaze kichuma kidogo cha ukingoni, urudi kabla ya pigo linalofuata. Wangu haurudi. Basi naanza tena kutoka juu.

Nakaa Michenzani, hapa Unguja, na kuta za majumba yetu hazifichi siri. Bibi wa nyumba ya chini akanisimamisha ngazini: "Mwanangu, huo wimbo wako hauna mwisho?"

Nilipompelekea maalim wangu wa kanuni malalamiko yangu sikupata pole. Akaniambia nipige. Nikafika pale pale, nikakwama, nikarudi mwanzo.

"Umeuona mkono wako? Umeusomesha kusimama hapo. Kila siku unaukumbusha."

Akaokota kete saba kwenye bao lake la barazani, akaniwekea kushoto ya meza. Nipige pale tu, mapigo manne kabla na manne baada, polepole mpaka nione usingizi. Nikipatia, kete moja ihamie kulia. Nikikosea, zote zirudi.

Usiku ule, wallahi, sikuivuka ya tatu. Na ya sita ndiyo mbaya kuliko zote, maana ushaanza kuhesabu, na ukihesabu tu mkono unaingia tamaa. Siku ya nane ndipo kete zote saba zilipolala kulia. Nikazitazama kama mtu aliyezaa.

Siku hizi nyuzi nazikaza asubuhi, chai ikichemka, tena zile za sauti ninazozihitaji tu. Baada ya laasiri ni robo saa ya kete, halafu ndiyo burudani. Kanuni nimeitoa sandukuni, iko mezani chini ya kanga. Ikiwa sandukuni hupita siku tatu sijaigusa, na kila siku nina sababu nzuri. Niliweka na programu ya simu ya kugonga mapigo, ikanitia wazimu, nikaifuta; nagonga kwa mguu, bila kiatu, kwa ajili ya bibi.

Mtihani wangu mkubwa ni Ramadhani, maana mwezi mzima siipigi. Mfunguo mosi nikivaa pete na risha zake za kupigia, vidole vinakuwa vya mtu mwengine, na kete zinaanza tena kurudi kushoto.

Juzi nilikutana na bibi ngazini na kikapu chake cha sokoni. Akatua, akapumua.

"Jana nimekusikia umevuka," akasema. "Sasa huko mbele mbona kimya?"

Huko mbele bado sijajifunza.