Nguvu Zimenitoka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii habari ya mwanamke aliyetokwa na damu, akapona alipoligusa vazi la Yesu, katika Luka 8, imenikalia moyoni kwa namna mpya, kwa maana siku zote tumeihubiri kwa upande wa yule mama na imani yake, ilhali mimi, niliyekuwa nimetoka zamu za usiku mfululizo wodini, nilijikuta nimesimama upande wa Bwana, pale aliposema ya kuwa nguvu zimemtoka. Mwana wa Mungu alihisi zimemtoka, naye akalisema mbele ya umati uliokuwa ukimsonga.

Sisi wauguzi hatulisemi. Unamfumba marehemu macho, unamfunga kidevu kwa bandeji, unamfunika shuka na kunawa mikono, na kabla machozi hayajapata njia unaitwa kitanda cha jirani, ambako mgonjwa anangoja sindano na ndugu zake wanangoja tabasamu. Mambo yakiwa hivyo mwaka hadi mwaka, moyo hufa ganzi. Wagonjwa huanza kuitwa kwa namba za vitanda, na wewe mwenyewe unabaki kuwa “sista” hata nyumbani kwako.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa namna hii hutokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo, ila uchovu wenyewe halikuuhesabu kuwa ugonjwa: mtu huishiwa nguvu, huitenga nafsi yake na kazi, na ufanisi wake hupungua. Basi tusikimbilie kukemea pepo mahali ambapo mtu anahitaji usingizi. Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, malaika alimpa kwanza mkate na maji, akamwacha alale tena.

Tena angalieni Bwana alisimama wakati gani. Alikuwa njiani kwenda nyumbani kwa Yairo, ambaye binti yake alikuwa mahututi, na muuguzi yeyote angesema huko ni kumchelewesha mgonjwa wa dharura. Lakini alisimama, akamtafuta aliyemgusa, akamwita “Binti”, ndipo akaendelea na safari. Ninyi mlio kazini, simameni hata kwa dakika moja, mwulizeni mgonjwa jina lake na kulitamka, kwa kuwa hapo ndipo mimi binafsi nimeiona roho yangu ikirudi.

Hata hivyo, kanisa nalo lina deni, na hapa nitasema bila kuficha. Muuguzi ametoka zamu asubuhi, amekuja kumwabudu Mungu wake, na kabla hajaketi ameshavutwa pembeni: nipime presha, nisomee majibu ya vipimo, mtoto huyu anakohoa usiku. Tumemfanya zahanati ya ibada, wala hatujamwuliza yeye analalaje, wala ni nani aliyefia mikononi mwake juma hili. Wazee wa kanisa, mwekeeni mtu wa kukaa naye, kumsikiliza na kumwombea kwa jina lake. Na sisi wengine presha zetu tuzipeleke kliniki siku ya Jumatatu.