Gari lililozimika kila njia panda ya Ngamiani

Anayeijua Ngamiani anajua kwamba barabara zake zina namba badala ya majina, na kwamba ukizivuka moja baada ya nyingine huendi mbali kabla ya kukanyaga breki, ama kwa sababu ya njia panda, ama kwa sababu ya baiskeli, ambazo hapa Tanga hazimpishi mtu. Huko ndiko Corolla yangu ya mwaka 1990, ya gia za mkono na injini ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, iliponizimikia mara nne katika asubuhi moja, kati ya Barabara ya 6 na Barabara ya 14, huku kijana wa bajaji aliyekuwa nyuma yangu akipiga honi kana kwamba honi ndiyo ingeliwasha.

Kilichonitatiza ni kwamba siku iliyotangulia nilikuwa nimekwenda Muheza na kurudi, na gari halikukohoa hata mara moja.

Fundi niliyempelekea alilisikiliza kwa muda mfupi, akasema, "Mzee, hii ni petroli chafu tu." Tukabadilisha filta ya petroli na plagi zote nne. Lilipozimika tena siku ya pili, alichukua bisibisi akapandisha silensa, yaani kasi ya injini mguu ukiwa haujakanyaga mafuta, na kweli kwa wiki moja nilidhani nimepona. Lakini injini ilikuwa ikinguruma kwa nguvu hata gari likiwa limesimama, na mshale wa petroli ulikuwa ukishuka haraka kuliko kawaida. Kwa maoni yangu, kupandisha silensa kabla ya kujua ugonjwa ni kuuficha tu.

Jioni moja nililiegesha nyumbani, Chumbageni, mahali tambarare, injini ikiwa imeshapata moto, nikairudisha silensa ilipokuwa, kisha nikaanza kufikiri upya. Dereva wa gari la gia za mkono anapofika njia panda hufanya mambo matatu kwa pamoja: anaachia mafuta, anakanyaga klachi na anakanyaga breki. Kwa hiyo anayemwambia fundi kwamba gari linazimika akisimama bado hajamwambia ni lipi kati ya hayo matatu linalolizima. Niliamua kuyatenganisha.

Kwanza niliweka nyutro, nikavuta breki ya mkono na kuondoa miguu yote. Injini ilikaa sawasawa kwa dakika 10, na hapo niliacha kuituhumu njia ya silensa ndani ya kabureta. Kisha nikakanyaga klachi peke yake, mara kadhaa, na hakuna kilichobadilika. Mwisho nikakanyaga breki peke yake. Injini ilitetemeka, ikashuka, ikazima. Niliwasha tena, nikainamisha kichwa karibu na pedali na kuibonyeza kwa mkono: ilisikika "sss" nyembamba, ya mfululizo, iliyokoma kila nilipoiachia.

Hewa hiyo ilikuwa ikipita ndani ya busta ya breki, lile bakuli jeusi la bati lililo nyuma ya masta silinda, pampu inayosukuma oili ya breki. Ndani yake mna ngozi ya mpira inayoligawa vyumba viwili, na mpira mnene kutoka kwenye manifoldi, njia inayoingiza hewa na petroli ndani ya injini, hunyonya hewa iliyomo. Ukikanyaga pedali, hewa ya nje huruhusiwa kuingia chumba cha nyuma, na tofauti ya msukumo kati ya vyumba hivyo ndiyo inayousaidia mguu. Ngozi ikichanika, hewa hiyo haibaki nyuma. Hupita mbele hadi kwenye manifoldi, ikazidi petroli, na injini iliyo kwenye silensa hufa. Njia ya Muheza haikuonyesha kitu kwa sababu ukifunga breki gia ikiwa ndani, magurudumu yenyewe huendelea kuizungusha injini.

Ili kuhakikisha, niliuviringishia kitambaa ule mpira mnene na kuubana kwa koleo, kisha nikamwomba mwanangu akanyage breki. Injini haikutikisika, ingawa pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, na ndiyo maana jaribio hili hufanywa gari likiwa limeegeshwa tu.

Sikukimbilia kununua busta. Nilipolegeza nati mbili za masta silinda na kuivuta mbele kidogo, bila kufungua mabomba yake, nilikuta unyevu wa rangi ya kahawia pale inapokutana na busta. Sili ya nyuma ya masta silinda, mpira unaozuia oili isitoke, ilikuwa ikivujisha oili ya breki, na oili hiyo ikaingia ndani na kuila ngozi taratibu. Ningefunga busta nyingine bila kugusa sili, ningeiua hiyo nayo. Kwa hiyo nilinunua sili mpya pamoja na busta ya mtumba, ambayo niliijaribu kwanza kwa kuinyonya kwa mdomo kwenye tundu lake, jambo lililomchekesha sana muuza spea.

Vyote viwili vilifungwa na fundi yule yule, kwa kuwa mkono wake ni mzuri. Alipomaliza aliniuliza, kwa lawama kidogo, kwa nini sikumwambia mapema kuwa tatizo lilikuwa breki.

"Nilikuambia linazimika nikisimama," nikamjibu.

"Mzee," akasema, "kila gari linaloletwa hapa linazimika likisimama."