VC imepanda ila mfumo unaganda

Mwaka 2016 nilikuwa fundi wa mtandao kwa mtoa huduma mmoja hapa Dar, tukapata mteja mwenye ofisi Posta na tawi Dodoma, na alitaka leya ya pili kabisa, yaani kompyuta za Dodoma zichukue IP kwenye DHCP ya Dar (seva inayogawa anwani za IP) kama zote zimechomekwa swichi moja. Kwa MPLS, yaani mtandao wa mtoa huduma unaopeleka paketi kwa lebo, hiyo kazi ya kawaida tu, unaweka amri ya xconnect kwenye ruta mbili za pembeni, namba ya VC (njia pepe inayounganisha ofisi hizo mbili) ifanane, na MTU (ukubwa wa mwisho wa paketi, kwa baiti) upande wa mteja zifanane maana zikipishana VC haipandi. Nikaweka, ikapanda, Dodoma wakapata IP, pingi inajibu safi.

Asubuhi simu ikaita, dada wa IT kule tawini. "Kaka, mfumo unaleta sehemu ya paswedi vizuri, ukishaingia tu unaganda."

Bosi akasema pingi si inajibu, basi waangalie seva yao. Mimi sikukubali kabisa, pingi ya kawaida ni kipaketi kidogo sana, haithibitishi kitu. Nikamwomba yule dada achomeke laptop kwenye swichi apige ping -f -l, yaani pingi unayoipangia ukubwa na kuikataza isikatwe vipande, tukawa tunapandisha namba taratibu mimi nikiwa kwenye simu. 1446 ikapita. 1447, kimya.

Hapo nikachukua kalamu. 1446 jumlisha baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP ni 1474. Halafu ruta inabeba paketi ya mteja pamoja na kichwa chake cha ethaneti baiti 14, kontroli wadi (kichwa kidogo cha VC) 4, na lebo mbili za MPLS za baiti 4 kila moja, jumla 26. 1474 na 26 ni 1500 kamili!! Kwa hiyo kuna linki huko njiani imeachwa na MTU ya 1500, na paketi kubwa ya mteja inafika pale ikiwa na 1526. Ingekuwa leya ya tatu, ya IP, ruta ingemrudishia mtumaji ujumbe kwamba punguza ukubwa, lakini leya ya pili hakuna wa kumwambia, fremu inatupwa tu na seva inarudia kutuma ileile mpaka inachoka, ndo maana mtu anaona mfumo umeganda.

IT wao wa Dar wakapendekeza washushe MTU kwenye kompyuta zote, nikawaomba wasifanye hivyo, mteja kalipia linki ya 1500 apewe 1500. Nikazipitia intafesi moja moja, ikawa linki ya Morogoro na Dodoma. Usiku tukapandisha MTU ya linki hiyo iwe 1600 pande zote mbili, IP MTU (ya paketi za IP za ruta zenyewe) tukaiacha 1500 ili OSPF, itifaki ambayo ruta zinapeana njia, isije ikakwama hatua ya exstart kabla ruta hazijaelewana.

Kesho yake dada akapiga pingi ya 1472, ambayo na vichwa vyake 28 ni 1500 kamili, ikajibu. Akafungua mfumo, akaniambia "kaka ripoti yote imeshuka, ngoja nihudumie watu", akakata simu.